Kutoa thamostati hakuipozi Impreza yako

Hii ya kwamba huku kwetu joto basi thamostati ya nini, toa tupa kule, imekuwepo gereji miaka na miaka, na wenye Subaru Impreza turbo za zamani ndo wanaambiwa sana.

Sasa ile kitu ni vali tu, ndani ina nta, maji yakifika kama digrii 80 nta inatanuka na kufungua njia ya kwenda rejeta. Injini inatakiwa ifanye kazi na joto hilo, iwe Dar au Sapporo. Ukiitoa, safari fupi injini haipati joto sawasawa, sensa inaiambia kontrol boksi (kompyuta ya injini) bado baridi, mafuta yanaongezwa, halafu unalalamika gari inakunywa.

Na kuna kitu wengi hawakijui: ikifunguka, thamostati hii huwa pia inabana kile kinjia cha pembeni kinachorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa kinabaki wazi, kwa hiyo kwenye mlima au foleni inaweza kuchemsha zaidi!

Kuipima rahisi, itumbukize kwenye sufuria ya maji, chemsha uone kama inafunguka (sufuria isirudi jikoni tafadhali). Ikifunguka vizuri na gari bado inachemsha, basi angalia rejeta iliyoziba, feni, mfuniko wa rejeta, pampu ya maji, hedi gasketi, na yale maji ya bomba mnayojaza badala ya kulanti (maji maalum ya rejeta), kutu yote inatokea hapo. Mfuniko usifungue injini ikiwa ya moto.