ELT ya ndege ndogo ni kitu gani, na rubani huiwasha lini

Uwanja wa ndege wa Lamu hauko Lamu mjini. Uko ng'ambo, kisiwani Manda, na abiria huvuka kwa boti. Siku moja nilifika pale nikiwa nimeketi kiti cha mbele, kando ya rubani wa ndege ya injini moja. Tulikuwa tumeshatua na kuegesha, wapagazi wanatungoja, lakini yeye hakuzima injini. Aligeuza redio hadi 121.5, masafa ya dharura, akatulia kama mtu aliyesikia hodi usiku.

"Kapteni, wasikiliza nini?"

"Nahakikisha yetu hailii," akasema. Ndipo akazima.

"Yetu" ilikuwa ELT. Herufi hizo ni kifupi cha jina la Kiingereza, emergency locator transmitter, na watu wa ndege huzitamka vivyo hivyo, i-el-ti. Kwa Kiswahili tuseme ni redio ya dharura inayotangaza mahali ndege ilipoangukia. Haipokei ujumbe wala haipitishi sauti ya mtu. Kazi yake ni kupiga ukelele, basi.

Ukiitazama ni kisanduku, mara nyingi cha rangi ya chungwa, kilichofungwa nyuma karibu na mkia, kwa sababu ndege ikianguka mkia ndio aghalabu hubaki mzima. Kina betri yake mwenyewe, hakitegemei umeme wa ndege. Waya unakiunganisha na antena iliyo juu ya mgongo wa ndege. Ndani mna swichi inayohisi kishindo, na ndiyo maana kisanduku huchorwa mshale: lazima kifungwe kikielekea upande ambao ndege huruka, la sivyo kishindo cha mbele hakitahisiwa ipasavyo. Mbele ya rubani kuna swichi nyingine ndogo ya kukiendesha kutoka kitini. Safari nzima hukaa kwenye ARM, yaani kifaa kiko macho kinangoja kishindo. Ikisukumwa kwenye ON, kinaanza kulia papo hapo bila kungoja chochote.

Kilio chenyewe ni cha aina mbili. Cha kwanza kiko kwenye megahezi 121.5, mlio unaoshuka na kurudia kama king'ora. Huo ni wa walio karibu: ndege inayopita, mnara wa kuongozea ndege, au waokoaji wanaokaribia wakiwa na chombo cha kufuata mlio. Cha pili kiko kwenye megahezi 406, na huo sikio la mtu halina faida nao. Kila baada ya sekunde 50 hivi kifaa hutuma kwa nguvu ya wati 5 ujumbe wa nusu sekunde tu, wenye namba ya utambulisho wake. Vile vyenye GPS hutuma na mahali vilipo. Ujumbe huo unapokelewa na setilaiti.

Watu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, hawashangai ukitaja setilaiti. Majukwaa ya San Marco yamesimama baharini mbele yao, na ni kutoka huko ambako setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Zinazosikiliza ELT ni nyingine, za mpango uitwao Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti, tena wakati wa Vita Baridi. Setilaiti ya kwanza ilipanda 1982, na Septemba ya mwaka huo huo watu watatu walioanguka na ndege ndogo huko British Columbia, Kanada, wakaokolewa kwa msaada wake. Mimi huona hilo ni jambo kubwa: mahasimu wawili walikubaliana kwamba mtu aliyeanguka porini atafutwe kwanza.

Hapo mwanzo setilaiti zilisikiliza 121.5 pia. Ziliacha tarehe 1 Februari 2009, kwa kuwa vilio vya uongo vilizidi mno. Mitambo isiyohusika kabisa, hata mashine za kutolea pesa na majiko ya piza, ilisikika juu kana kwamba ni ndege iliyoanguka. Tarehe hiyo si ya kukariri tu. Kama ndege unayopanda ina ELT ya zamani inayolia kwenye 121.5 peke yake, hakuna setilaiti inayoisikia. Uhai wako unategemea ndege nyingine ipite karibu, na rubani wake awe amefungua masafa hayo.

Bila GPS, setilaiti hukisia mahali kwa kupima jinsi mawimbi yanavyobadilika yenyewe ikipita, kama vile mlio wa pikipiki unavyokuwa mkali ikija na mzito ikienda. Kisio hicho huangukia ndani ya kilomita 5 hivi. Ikiwepo GPS, hushuka hadi mita 100 au karibu na hapo. Aliyewahi kuingia mikoko kutafuta mtumbwi uliopotelea kwenye vijito anajua kilomita 5 ni nini. Ndiyo maana mlio wa 121.5 haukutupwa: unawaongoza waokoaji hatua za mwisho.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, huwashwa lini. Wengi hudhani jibu ni "inajiwasha". Ni kweli, mara nyingine. Lakini iangalie njia ya Malindi kwenda Manda. Unapita Mambrui, unapita Ngomeni, kisha Ghuba ya Ungwana inajikunja, na mbele yake kuna Kipini na mdomo wa Mto Tana. Upande mmoja maji, upande wa pili tope, nyasi na mikoko. Injini ikizima hapo, rubani hodari atateremka taratibu na kugusa kwa upole, na huo upole ndio unaoweza kuifanya swichi ya kishindo isiamke. Ikiamka nayo, ndege ikizama, mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari. Antena ikivunjika, au waya wake ukikatika, kisanduku kitalia na kisisikike.

Kwa hiyo rubani asingoje. Kwanza anaiongoza ndege, anachagua pa kutua, anaita Mayday redioni, yaani wito wa dharura, anaweka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na mkono unapata nafasi unasukuma ELT kwenye ON angali hewani. Huko juu hakuna mti wala maji ya kuziba mawimbi. Tena kuna hesabu ya muda: ELT nyingi hungoja karibu dakika nzima kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza wa 406. Kutoka futi 3,000 ndege ndogo isiyo na injini huelea dakika chache tu. Aliyewasha mapema, ujumbe wake umeshafika kabla magurudumu hayajagusa maji. Na mwenye kuvuka bahari mara kwa mara namsihi avae, juu ya jaketi lake la kuokolea, kile kifaa kidogo cha mtu binafsi cha 406. Ndege ikizama, hicho kinaelea naye.

Ukishatua, usikizime. Kuna wanaokizima na kukiwasha wakidhani wanatunza betri. Kumbe betri imetengenezwa idumu kwenye 406 angalau saa 24, na kila ukizima unawakatia waokoaji njia. Kaeni karibu na ndege, antena isimame wima mahali palipo wazi.

Kikiwaka kwa bahati mbaya, labda kwa kutua vibaya, kizime na uwaarifu waongozaji wa ndege mara moja, ili msako usitishwe. Kunyamaza kwa aibu ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Majaribio hufanywa kwa kuweka swichi kwenye TEST, kama kitabu cha kifaa kinavyoelekeza. Betri ina tarehe yake. Kanuni ya Marekani inataka pia ibadilishwe kifaa kikishatumika jumla ya saa 1. Nilimwona fundi Malindi akifungua kifuniko cha nyuma. Kitu cha kwanza alichomulika kwa tochi ni ile tarehe, hata kabla ya kugusa waya.

Limebaki la usajili, nalo husahaulika kuliko yote. Namba iliyo ndani ya kifaa ina alama ya nchi. Ya Kenya ni 634. Ndege iliyonunuliwa Marekani ikabadilishwa kutoka usajili wa N, wa Marekani, kuwa 5Y, wa Kenya, na ELT ikaachwa na namba ya zamani, ikianguka Kipini jina litakalotokea ni la mtu aliyeiuza miaka iliyopita. Waokoaji watampigia yeye. Namba ya simu inayotakiwa kwenye usajili ni ya mtu aliye hapa, anayepokea hata alfajiri, na anayejua ndege ilitoka saa ngapi, ilikuwa ikienda wapi na ilibeba watu wangapi.