Usinunue kadi ya grafiki kabla hujafungua dirisha moja moja

Juzi jioni kijana mmoja kaniletea PC yake hapa Ngamiani, kaja nayo kwenye bodaboda kaifunga na kanga, ananiambia shikamoo kaka, nataka niuze simu ninunue kadi ya grafiki maana gemu inakwama. Anacheza gemu ya mtandaoni na akaunti nne kwa mpigo, kila akaunti na dirisha lake. Nikamwambia mdogo wangu, simu usiuze kwanza.

Mimi huwa nafunga kila kitu, nafungua dirisha moja tu, nabonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ikija nacheza dakika tano hivi huku naandika kwenye karatasi namba za prosesa, RAM (memori ya kazi ya mashine), diski na GPU, yaani hiyo kadi ya grafiki. Halafu dirisha la pili, naandika tena. Ukifungua manne kwa pamoja namba zote zinapanda na hutajua nani kaanza kulemewa.

Yake la kwanza RAM ikasoma giga 5 pamoja na Windows, la pili 6 na ushee, la tatu ikagonga 7.6 na mashine ina 8, na hapo hapo ile taa ya diski iliyokuwa inapepesa ikawaka moja kwa moja haizimi, diski 100%, ukiweka sikio kwenye kava unasikia inakwaruza krr krr. RAM ikijaa Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na yake ni ile ya kuzunguka sio SSD, ile ya kasi isiyozunguka, sasa hapo gemu itaachaje kukwama? GPU ilikuwa 40% tu, masikini haina kosa.

Prosesa nayo inadanganya sana. Yenye kori nane, yaani vichwa vinane vya kufanya kazi, inaweza kusoma 20% ukadhani imelala, kumbe kazi kuu ya gemu imebanwa kwenye kori moja, na Windows inaihamisha hamisha kwa hiyo hata grafu ya kila kori haikuonyeshi vizuri. Mimi napunguza rezolusheni, ule ukali wa picha, na fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zisipoongezeka basi mara nyingi kadi sio tatizo, ni prosesa. Kwenye kadi angalia pia memori yake yenyewe, ikijaa inaanza kukopa RAM ya mashine na gemu inashtuka shtuka hata kama GPU haijafika 100%.

Na kama inaenda vizuri robo saa halafu inachoka, angalia spidi ya prosesa kwenye GHz, ikishuka mara nyingi ni joto. Huku kwetu Tanga hewa ya bahari ina unyevu, vumbi linagandana kwenye feni kama udongo, hilo linahitaji brashi na pasta mpya ya kupitishia joto la prosesa tu.

Yule kijana kwanza tukaweka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde kwenye madirisha ya nyuma, hiyo bure, halafu tukaongeza RAM giga 8 nyingine na SSD ndogo. Dirisha la nne RAM ikasoma giga 9 na nusu, taa ya diski inapepesa mara moja moja, na simu yake anayo.