Kibali cha Mungu na kibali cha watu: maana yake katika maisha ya Mkristo

Neno kibali tunalitumia kila siku. Ofisini ni ruhusa ya maandishi, bila hiyo kazi haianzi. Kanisani tukisema fulani ana kibali, mara nyingi tunamaanisha milango inamfungukia: amepata kazi, amepandishwa cheo, watu wanampenda. Maana hii ya pili imetuzoeza vibaya, kwa sababu inapima kibali cha Mungu kwa kuangalia jinsi watu wanavyompokea mtu. Kibali ni ndugu wa neno kukubali. Kibali cha Mungu ni Mungu kumkubali mtu, kuutazama moyo wake na kazi yake na kupendezwa navyo. Kukitafuta ni kuishi huku "Bwana anasemaje?" ikitangulia "watu watasemaje?"

Mtume Paulo analieleza vizuri katika 1 Wathesalonike 2:4. Anasema yeye na wenzake wamepata kibali kwa Mungu hata wakawekewa amana Injili, na kwamba hawasemi kama wapendezao wanadamu, bali kama wampendezao Mungu "anayetupima mioyo yetu". Katika Kiyunani, kupata kibali na kupima ni kitenzi kimoja katika mstari huo: dokimazo. Lilikuwa neno la kupima madini na sarafu ili kujua kama ni halisi. Sarafu ya bandia inaweza kung'aa kama ya kweli, kwa hiyo mpimaji haridhiki na mng'ao. Nami naona hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Sifa za watu, hata zikitolewa kwa nia njema, haziwezi kuchukua nafasi ya kibali cha Mungu, kwa kuwa watu hawana kipimo cha kufika ndani. Wanauona mng'ao.

Yesu alilifundisha hili mlimani kwa kuchukua mambo matatu ambayo hakuna mcha Mungu anayeyatilia shaka, yaani sadaka, sala na kufunga (Mathayo 6). Alionyesha jinsi kila moja linavyoweza kuharibika lote bila kubadilika hata kidogo kwa nje. Fedha ni ileile, maneno ni yaleyale, njaa ni ileile. Juu ya wanaofanya hayo ili watazamwe, alisema: "Wamekwisha kupata thawabu yao." Kitenzi kilichotumika hapo ndicho watu wa wakati ule walichokiandika kwenye stakabadhi za malipo, kwa maana ya kwamba nimepokea chote, sidai tena. Mtu alitaka macho ya watu, akayapata, na hesabu ikafungwa palepale. Amelipwa alichokitaka.

Mimi nililielewa fundisho hili nikiwa katikati ya maombi. Tulikuwa kikundi kidogo, na zamu yangu ya kuomba kwa sauti ilipofika nilianza vizuri, nikimwambia Mungu jambo lililokuwa limenilemea kwa siku nyingi. Dada mmoja aliyeketi karibu nami akasema "Amina" kwa nguvu. Nikasikia sauti yangu ikipanda. Nikaanza kuchagua maneno mazito zaidi, nikakumbuka mstari wa Zaburi nilioujua kwa moyo, nikauingiza, kisha nikangoja Amina ya pili. Ikaja. Macho yangu yalikuwa yamefumbwa, kichwa kimeinama, jina la Yesu liko kinywani, lakini niliyekuwa nikizungumza naye alikuwa amebadilika na hakuna aliyejua. Baadaye mtu alinishika mkono akaniambia amebarikiwa na maombi yale. Huenda ni kweli, maana Mungu ni mwema. Mimi nilirudi nyumbani mtupu.

Katika Agano la Kale, sijui mtu anayeonyesha ugonjwa huu waziwazi kama mfalme Sauli. Alikuwa mtu aliyewazidi Waisraeli wote kwa kimo, kuanzia mabegani kwenda juu, na jeshi lilikuwa chini yake. Katika vita na Waamaleki alipewa amri na Bwana ya kuwaangamiza wote pamoja na mifugo yao, akaifanya nusu: akamwacha hai mfalme Agagi, na kondoo na ng'ombe walio wazuri wakahifadhiwa. Nabii Samweli alipofika na kuisikia milio ya mifugo, Sauli alijitetea kwanza, akasingizia watu, na mwisho akasema ukweli: "naliwaogopa watu nami nikaitii sauti yao" (1 Samweli 15:24). Mfalme mrefu kuliko wote anawaogopa anaowatawala! Lakini linaloniumiza zaidi liko mstari wa 30. Amekwisha kuambiwa kwamba ufalme umeraruliwa kutoka kwake, naye anajibu kwamba amekosa, kisha anaongeza ombi: Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Hata toba yake ina watazamaji. Mungu amemkataa, na jambo linalomhangaisha ni atakavyoonekana mbele ya wazee.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo hueleweka kombo. Wako wanaosema "mimi namtafuta Mungu, sijali watu", na kwa kauli hiyo wanahalalisha ukali, kiburi na kukataa kuonywa. Biblia haijui njia hiyo. Paulo aliyeandika katika Wagalatia 1:10 kwamba kama angekuwa bado anawapendeza wanadamu asingekuwa mtumwa wa Kristo, ndiye huyohuyo aliyewaambia Warumi kila mtu ampendeze jirani yake "apate wema, akajengwe". Hajipingi. Kuna kumpendeza mtu ili yeye ajengwe, na kuna kumpendeza ili wewe upone: usichukiwe, usitengwe, usisemwe. Ya kwanza ni upendo. Ya pili ni kujipendekeza.

Tena ile ya pili huwaumiza watu walewale. Petro alikuwa akila pamoja na waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kule Antiokia. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kurudi nyuma na kujitenga, akiwaogopa waliotahiriwa (Wagalatia 2). Petro hakukosa mafundisho; ndiye aliyeingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa, akijua Mungu hana upendeleo. Aliogopa tu sura za wageni. Nawafikiria wale ndugu wa Mataifa waliobaki mezani, wakimwona mtume anainuka na kuondoka, kisha Wayahudi wengine wakamfuata, na hata Barnaba. Mtu mmoja alitafuta kibali cha kundi moja, na kundi lingine likaachwa na jeraha.

Kosa lingine ni kumgeuza Mungu kuwa mtazamaji mkali zaidi ya watu, ukaishi kwa wasiwasi uleule, ila sasa umeuelekeza mbinguni. Injili inaanzia upande mwingine. Yesu alipobatizwa, sauti ilisema: "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye." Katika simulizi ya Mathayo, alikuwa bado hajahubiri wala kuponya mtu. Na aliye ndani ya Kristo amekubaliwa katika huyo Mpendwa kabla hajaleta kazi yake ipimwe. Anatii kama mtoto aliyekwisha kupokelewa, na kazi yake bado itapimwa, lakini halazimiki kuinunua nafasi yake nyumbani kwa kila tendo. Ndiyo sababu Paulo aliweza kuwaambia Wakorintho kwamba kuhukumiwa nao kwake si kitu, akaongeza jambo ambalo wengi tunalipita haraka: "wala hata sijihukumu nafsi yangu." Aliikataa mahakama ya watu, na ile ya moyoni mwake pia hakuipa neno la mwisho. Akamwachia Bwana.

Watu huuliza mtu atajuaje anatafuta kibali cha nani. Sidhani ipo njia ya kujipima mpaka mwisho, lakini nimeona moyo hujifichua mwenzangu anaposifiwa kwa kazi niliyoifanya mimi, na pale nilipoonywa mbele ya wengine nikatumia usiku mzima kutunga majibu badala ya kujiuliza kama maonyo yalikuwa ya kweli.

Tangu siku ile ya kikundi, nikiomba mbele ya watu huwa nayarudia maombi yaleyale nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, bila mtu wa kuitikia Amina. Mara nyingi yanabaki maneno machache sana.