Je, Wajua Kwa Nini Mawe ya Dodoma Yamepandana Bila Kuanguka?

Anayefika Dodoma kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona vilima vya mawe matupu vikichomoza katikati ya tambarare, na juu yake jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jingine, likiligusa kwa sehemu ndogo tu. Kwa kuwa hakuna nguvu ya binadamu iwezayo kuinua mzigo huo, wengi huuliza mawe hayo yalipandaje. Ukweli ni kwamba hayakupanda. Udongo uliokuwa umeyafunika ndio ulioondoka.

Mwamba wenyewe ni graniti, na ni sehemu ya Kratoni ya Tanzania, kiini cha kale cha bara chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti hutokana na uji wa miamba uliopoa polepole chini sana ya ardhi. Ulipopoa, na baadaye mzigo wa miamba ya juu ulipopungua kwa mmomonyoko, mwamba ulipata nyufa za wima na za ulalo zilizougawa katika vipande vikubwa vyenye kona.

Kazi kubwa ilifanyika gizani, chini ya udongo, na hapa ndipo penye jibu. Maji ya mvua yenye asidi kidogo yalipenya katika nyufa na kuyageuza polepole madini ya feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi, huku chembe ngumu za kwazi zikibaki kuwa mchanga. Kona ya kipande hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja. Kwa hiyo kona huliwa kwanza, na kinachosalia ni kiini cha mviringo kilichozungukwa na mwamba uliolainika. Mvua zilipokuja kuusomba ulaini huo, viini vilibaki vimekaa palepale vilipozaliwa, kimoja juu ya kingine. Ukipapasa chini ya jiwe la namna hiyo, vidole vitatoka na chembe zinazokwaruza na vipande vidogo vya ulanga vinavyometameta, kwani pembezoni mwa jiwe, ambapo unyevu hudumu, uozo unaendelea hadi leo.

Jua lina mchango wake pia, ingawa nadhani husifiwa kupita kiasi. Wapasua kokoto wanaowasha moto juu ya mwamba ili upasuke wanaijua vizuri nguvu ya joto, lakini joto la mchana pekee, pasipo maji, hufanya kazi polepole mno.

Uharibifu huohuo wa asili ndio unaofanya miamba ya Kondoa ihitaji ulinzi. Huko, katika eneo la Kolo na jirani zake, kuna mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro ya kale, na mwaka 2006 UNESCO iliviingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miamba iliyotokeza juu kama paa imeikinga michoro dhidi ya mvua kwa karne nyingi. Hata hivyo, maji yanayochuruzika kutoka juu huacha michirizi ya chumvi ukutani, na tabaka jembamba la uso wa mwamba likibanduka kama ganda la kitunguu, huondoka pamoja na rangi iliyopakwa juu yake.