Jinamizi, hofu ya bahari na picha za akilini: maswali yenu

Kila tukimaliza kikao cha afya ya akili hapa Lamu, kuna swali linalonifuata hadi mlangoni: yule mshauri anayemwambia mtu afumbe macho "aone" kitu, anafanya nini hasa?

Huo si uganga?

Hebu waza kipande cha embe bichi, kimepakwa chumvi na pilipili, unaking'ata. Mate yamejaa? Embe halipo, ila mwili umeitika. Ubongo ukiunda picha hutumia sehemu nyingi zilezile zinazofanya kazi macho yakiona kweli. Ndiyo maana mtu amekaa zake barazani, akikumbuka ajali moyo unamwenda mbio. Tiba hupitia mlango huohuo. Hapafukizwi ubani wala hapandishwi pepo. Unajitambua muda wote, na ukisema basi, basi.

Mume wangu ni mvuvi. Tangu chombo chao kipinduke, kila usiku anaota anazama.

Pole, mwanangu. Jinamizi la namna hii lina dawa isiyo kidonge. Mchana, akiwa ametulia, anaisimulia ndoto au kuiandika. Kisha anaigeuza apendavyo mwenyewe: maji yanakupwa mpaka anasimama kwenye fungu la mchanga, au wenzake wanatokea na mashua. Si lazima iwe jambo linalowezekana. Ndoto ni yake. Ile mpya ndiyo anayoipitia akilini dakika 10 hadi 20 kila siku, kwa wiki kadhaa. Ya zamani haidurusu tena.

Marekani, Barry Krakow na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa wanawake 168 waliodhulumiwa kingono na kuandamwa na majinamizi. Waliofundishwa njia hii majinamizi yao yalipungua na usingizi ukatengenea.

Na anayeogopa kupanda mashua kabisa?

Hapa kwetu hiyo ni kifungo, maana hata uwanja wa ndege uko Manda, kisiwa cha ng'ambo. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alieleza miaka ya 1950 namna ya kuipanda hofu kama ngazi. Kwanza unajifunza kulegeza mwili. Halafu unawaza unaitazama bahari ukiwa darini. Kisha umesimama gatini. Kisha umekaa kwenye mashua iliyofungwa. Mwisho unavuka, kusi linavuma. Hupandi kidato cha pili mpaka cha kwanza kisikutetemeshe. Mimi huongeza: baadaye lazima uvuke kweli. Picha peke yake haimalizi kazi.

Nikifumba macho naona giza tu. Nina kasoro?

Huna. Wako watu wasioona picha akilini tangu kuzaliwa. Adam Zeman na wenzake wa Exeter, Uingereza, waliipa hali hiyo jina la afantasia mwaka 2015. Mwambie mshauri, atumie sauti, harufu au maneno.

Naweza kujifanyia nyumbani?

Kuwaza mahali patulivu ukavuta pumzi taratibu, fanya hata leo. Kumbukumbu ya kubakwa au ya kuona mtu akiuawa usiifukue peke yako. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine aonane na daktari kwanza. Na anayewaza kujiua asingoje zamu ya mshauri: apelekwe hospitali leo, asiachwe peke yake njiani.