Mafua au aleji? Maswali ya wazazi msimu wa kupuliza salfa

Mwanangu ana miezi mitano. Tangu tuanze kupuliza mikorosho huku Tandahimba, pua haikauki. Ni aleji?

Huenda si aleji wala si mafua. Salfa tunayopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, huwasha pua na macho ya yeyote, awe na aleji asiwe nayo. Baba akirudi shambani shati limejaa unga wa njano, akampakata mtoto hapohapo, kile kipua kinavuta vumbi lote. Avue nguo nje, aoge, ndipo ambebe. Siku ya kupuliza mtoto asipelekwe shambani, na nepi zisianikwe upepo unakoelekea. Pua ikitulia, jibu mmelipata. Moshi wa kuni nao hufanya vivyo hivyo.

Na kama si salfa?

Angalia joto la mwili, kisha hesabu siku. Mafua huweza kuja na homa. Makamasi huanza mepesi, yakawa mazito, ya njano au kijani (rangi hiyo peke yake si sababu ya kumpa antibiotiki), na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Aleji, au mzio kama wasemavyo redioni, haileti homa. Makamasi hubaki kama maji kwa wiki nyingi, chafya zinafuatana, mtoto anajisugua pua na macho begani kwako.

Ila aleji ya chavua ni nadra kabla ya miaka 2. Mtoto mdogo hupata mafua hata mara 8 kwa mwaka, kwa hiyo hayo "yasiyokoma" mara nyingi ni mafua mawili yaliyofuatana.

Nimpe piritoni, ile dawa ya aleji?

Usimpe bila kuandikiwa na daktari. Usimpake dawa ya kuchua yenye mentholi, wala usimtie mafuta puani. Nunua matone ya maji ya chumvi duka la dawa, tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya.

Lini nimkimbize kituoni?

Akigoma kunyonya, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi ni hatari kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, kwa mdogo zaidi, 60. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama pua inachuruzika. Aliye chini ya miezi 2 mwenye homa, hata usiku mpeleke.