Je, wajua kwa nini nyumba za mji wa dhahabu wa Dawson zimeinama?

Anayebuni bustani ya burudani yenye sura ya mji wa dhahabu wa nchi ya theluji hakosi kuweka maduka ya mbao yaliyokwenda upande. Hilo ni la kweli: Dawson, katika eneo la Yukon nchini Kanada, hadi leo kuna majengo mawili yaliyoegemeana.

Kinachokosewa ni sababu. Wengi husingizia uzito wa theluji, basi mbunifu hurundika theluji bandia juu ya mapaa na kuinamisha kila kibanda. Lakini Dawson ni pakavu. Mvua na theluji ya mwaka mzima, ikiyeyushwa, haifiki milimita 400, chini ya Dodoma. Wengine hulaumu mafundi wa 1898, mji ulipofurika watu karibu 30,000. Haraka ilichangia, kwani nyumba nyingi zilikalishwa juu ya udongo moja kwa moja, ila mkosaji mkuu ni jiko la kuni.

Ardhi ya Dawson imeganda mwaka mzima, isipokuwa tabaka la juu linaloyeyuka kiangazi. Chukua kopo la maharage yaliyogandishwa na maji mengi: ni gumu, na maharage yametenganishwa na barafu. Likiyeyuka, maharage hushuka chini na maji hubaki juu. Udongo wenye barafu nyingi hufanya vivyo hivyo chini ya sakafu yenye joto. Kwa kuwa barafu haikutawanyika sawasawa, pembe moja huzama kabla ya nyingine. Kung'oa kuvumwani (mimea midogo laini inayotanda ardhini) na majani yaliyoikinga ardhi na jua huongeza balaa.

Wachimbaji walifanya hayohayo kwa makusudi: usiku waliwasha moto shimoni, asubuhi wakachota udongo uliolainika, wakarudia hadi kwenye mwamba. Changarawe ilisubiri maji ya theluji iliyoyeyuka baridi ilipokwisha, ndipo ioshwe kwenye mialo, yaani mifereji ya mbao ya kunasia dhahabu.

Kwa hiyo, inamisha baa, hoteli na duka la mkate. Ghala lisilo na moto liache limesimama zaidi. Usielekeze nyumba zote upande mmoja, zitaonekana zimepigwa na upepo. Digrii 3 zatosha: kwenye ukuta wa mita 6, juu husogea takriban sentimita 31. Mbao za ukuta na vizingiti vya madirisha viiname pamoja, na mlango upigwe randa pembe ya juu, kama mwenye duka aliyechoka kuulazimisha ufunge. Theluji ipungue kuzunguka bomba la moshi, na barafu ining'inie kwenye mapaa ya nyumba zenye moto.

Kinachoinama ni uso wa jengo tu. Fremu ya chuma nyuma yake na sakafu ya wageni hubaki sawa, na njia ya viti vya magurudumu isizidi mwinuko wa 1 kwa 12. Fundi akiinamisha fremu yenyewe, maji ya mvua hukimbilia pembe ya chini na mbao huanza kuoza kweli.